Utangulizi wa Mikrobiolojia na Njia ya Kisayansi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mikrobiolojia inashughulikia nini hasa?

Mikrobiolojia ni tawi la bayolojia linalochunguza viumbe ambavyo jicho la binadamu haliwezi kuviona bila hadubini. Humo wamo bakteria, arkea, fangasi wadogo kama hamira, protozoa kama wale wanaosababisha malaria, pamoja na virusi, ingawa wapo wanasayansi wasiokubali kuviita virusi viumbe hai. Arkea hufanana na bakteria kwa umbo, lakini mwaka 1977 Carl Woese na wenzake nchini Marekani walionyesha, kwa kulinganisha chembe zao za urithi, kwamba ni tawi la pekee la uhai. Mmoja wao, Natrialba magadii, alipatikana katika Ziwa Magadi kusini mwa Kenya, ambako chumvi na magadi ni makali kiasi kwamba viumbe wengi wa kawaida wasingedumu.

Viumbe hivi ni vidogo kiasi gani, na vinaongezekaje kwa kasi hiyo?

Bakteria wengi wana urefu wa kati ya mikromita 0.5 na 5, na mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Virusi vingi ni vidogo zaidi, kati ya nanomita 20 na 300, ndiyo maana haviwezi kuonekana kwa hadubini ya kawaida ya mwanga iliyopo shuleni au katika zahanati.

Kuhusu kuongezeka, chukua mfano wa Escherichia coli, bakteria wa utumbo. Akipata chakula, unyevu na joto kama la mwili, anaweza kugawanyika na kuwa wawili kila baada ya dakika 20. Ukianza na seli 1, baada ya saa 1 zitakuwa 8, na baada ya saa 7, kama hakuna kilichozizuia, zitakuwa 2,097,152. Katika hali halisi ongezeko hilo hukoma chakula kinapopungua na taka zinapozidi, lakini hesabu hiyo inaeleza kwa nini wataalamu wa usafi wa chakula huuliza kimekaa muda gani kwa msisitizo uleule wanaotumia kuuliza kilipikwa kwa moto gani.

Je, vijidudu vyote huleta magonjwa?

Hapana, na walio wengi hawana madhara yoyote kwetu. Maziwa ya mgando, togwa na mkate uliochachuka ni kazi yao. Kuna bakteria wanaoishi katika mizizi ya maharage na kunde wakiipatia mimea naitrojeni kutoka hewani. Na mwili wa mtu mzima hubeba bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, wengi wao wakiwa katika utumbo mpana.

Nani aliwaona bakteria kwanza, na kwa nini aliaminiwa?

Aliyewaona kwanza na kuwaeleza ni Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, ambaye hakupata elimu ya chuo kikuu na alijisagia lenzi zake mwenyewe. Mwaka 1676 aliiandikia Royal Society ya London barua akieleza viumbe vidogo mno alivyoviona katika maji, yakiwemo maji aliyolowekea pilipili manga. Wanachama walishangaa na wengine wakatia shaka, jambo ambalo halikuwa kosa, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekuwa amewahi kuona kitu cha namna hiyo.

Mwaka uliofuata Robert Hooke aliandaa maji ya pilipili, akarekebisha hadubini yake, akaona viumbe hivyo na kuwaonyesha wenzake. Kuanzia hapo habari ya mtu mmoja wa Delft ikawa jambo ambalo mwingine anaweza kulirudia mwenyewe. Heshima ya msemaji, shahada yake au wingi wa maneno yake havikuwa na uzito katika suala hilo.

Njia ya kisayansi ni nini? Ni lazima ifuate hatua zilizopangwa?

Vitabu vya shule huieleza kwa hatua: kuchunguza, kuuliza swali, kuweka nadharia tete (yaani jibu la kukisia linalosubiri kupimwa), kufanya jaribio, kuchambua matokeo na kutoa hitimisho. Mpangilio huo unamsaidia mwanafunzi anayeanza, lakini historia ya mikrobiolojia inaonyesha kwamba watafiti huruka hatua, hurudi nyuma, na mara nyingi huanza na jambo lililotokea bila kutarajiwa.

Mambo mawili hayaachwi hata siku moja. La kwanza ni kwamba nadharia tete lazima iseme mapema ni matokeo gani yangeonyesha kuwa ina makosa. Dai linalobaki salama hata litokee nini halijasema lolote kuhusu dunia. La pili ni ulinganisho: kila jaribio liwe na pacha wake, aliye sawa naye kwa kila kitu isipokuwa lile jambo moja linalochunguzwa. Katika mikrobiolojia sharti hili la pili ni zito kuliko katika matawi mengine mengi, kwa sababu kinachochunguzwa hakionekani, na kinaweza kuingia katika chombo kutoka hewani, mkononi au katika maji bila mtafiti kujua.

Ni jaribio gani la zamani linalofaa kusomwa kwanza?

Ni mabishano kuhusu kama uhai mdogo unaweza kujizaa wenyewe kutoka katika vitu visivyo hai. Kwa karne nyingi watu wenye elimu waliamini kwamba funza hutokana na nyama iliyooza, hadi Francesco Redi wa Italia alipoonyesha mwaka 1668 kwamba nyama iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi haitoi funza, kwa kuwa inzi hawaifikii kutaga mayai. Swali lilibaki kwa viumbe vidogo zaidi. Mwaka 1748 John Needham, padre wa Kiingereza, aliripoti kwamba alichemsha mchuzi wa kondoo, akaufunga kwa kizibo, na bado ukajaa vijidudu. Lazzaro Spallanzani alichemsha kwa muda mrefu zaidi katika chupa alizoziba kwa kuyeyusha kioo cha mdomo, na mchuzi ukabaki safi. Waliompinga walisema kwamba kwa kuziba namna hiyo alikuwa ameinyima chupa hewa inayohitajika ili uhai uanze, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi hata kidogo.

Louis Pasteur, mwanakemia wa Ufaransa, aliijibu hoja hiyo, kati ya mwaka 1859 na 1862, kwa kutengeneza chupa yenye shingo ndefu iliyopinda kama ya bata maji. Hewa iliingia na kutoka kwa uhuru, lakini vumbi lilinaswa katika mkunjo wa shingo. Mchuzi uliochemshwa humo ulibaki mwangavu. Alipoivunja shingo, au alipoiinamisha chupa hadi mchuzi ukagusa vumbi lililonaswa na kurudi ndani, vijidudu viliota. Mchuzi ulikuwa uleule, hewa ileile na joto lilelile. Kilichotofautiana ni vumbi peke yake. Mwaka 1860 alipanda hadi kwenye barafu ya Mer de Glace katika milima ya Alps, akafungua chupa 20 katika hewa safi ya mlimani, na ni 1 tu iliyochafuka.

Kama Pasteur alikuwa sahihi, wapinzani wake walipataje matokeo tofauti?

Swali hili halipewi nafasi ya kutosha madarasani, na kwa maoni yangu ndilo lenye mafunzo mengi kuliko ushindi wa Pasteur wenyewe. Félix Pouchet, mwanasayansi wa Rouen, alipanda milima ya Pyrenees mwaka 1863 pamoja na wenzake wakiwa na chupa zao, wakazifungua juu zaidi ya pale alipofika Pasteur, na chupa zao zikachafuka. Pouchet hakuwa mwongo wala mzembe. Tofauti ilikuwa katika mchuzi: Pasteur alitumia maji ya sukari na hamira, naye Pouchet alitumia maji yaliyolowekewa nyasi kavu.

Akademia ya Sayansi ya Ufaransa iliunda tume, Pouchet akajiondoa mwaka 1864, na mabishano yakahesabiwa kuwa yamekwisha. Maelezo kamili yalikuja baadaye. Mwaka 1876 Ferdinand Cohn alieleza kwamba bakteria wa nyasi kavu, anayeitwa leo Bacillus subtilis, hujitengenezea spora, yaani umbo gumu lililolala, ambalo linaweza kustahimili maji yanayochemka. John Tyndall, aliyekuwa akitetea upande wa Pasteur huko London, alikumbana na spora hizo baada ya kuingiza nyasi kavu katika maabara yake, kiasi kwamba michuzi ambayo zamani ilibaki safi sasa iliharibika, na ilimlazimu ahamie Kew, pembeni mwa London, ili apate tena matokeo yake ya awali. Kutokana na taabu hiyo alibuni, mwaka 1877, njia ya kuchemsha kwa siku kadhaa mfululizo: spora zilizosalimika siku ya kwanza huamka na kuwa bakteria laini, na moto wa siku inayofuata huwaua.

Kwa hiyo Pasteur alikuwa sahihi kuhusu hitimisho, na Pouchet alikuwa sahihi kuhusu kile alichokiona. Laiti mmoja wao angelirudia jaribio la mwenzake kwa mchuzi wa mwenzake, spora zingeweza kugunduliwa miaka zaidi ya kumi mapema.

Je, habari ya spora ina uhusiano wowote na maisha ya kila siku?

Ina uhusiano wa karibu mno, hasa kwa wanaokula kiporo. Ndugu wa bakteria wa nyasi kavu, Bacillus cereus, hupatikana katika mchele, na spora zake huvuka salama wakati wali unapoiva. Wali ukiachwa sufuriani usiku kucha katika joto la pwani, spora huamka, bakteria huongezeka, na baadhi yao hutoa sumu inayosababisha kutapika. Sumu hiyo haiharibiwi kwa kupasha moto asubuhi, hata wali ukitoa mvuke. Kinga yake ni kuupoza wali upesi na kuuweka katika jokofu, au kupika kiasi kinacholiwa siku hiyo.

Maabara na hospitali hutakasa vifaa kwa mvuke wenye shinikizo, kwa kawaida nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15 au zaidi, kwa sababu hiyohiyo: nyuzi 100 huua bakteria walio hai kwa kawaida, lakini haziaminiki dhidi ya spora.

Tunajuaje kwamba kijidudu fulani ndicho chanzo cha ugonjwa, na si mpita njia?

Jibu la kawaida linatokana na kazi ya Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyeonyesha chanzo cha kimeta mwaka 1876, kisha tarehe 24 Machi 1882 akatangaza mjini Berlin kwamba amepata bakteria wa kifua kikuu. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa sasa kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Masharti yanayobeba jina lake yanataka kijidudu kipatikane kwa kila mwenye ugonjwa na kisipatikane kwa walio wazima, kitengwe na kuoteshwa kikiwa peke yake, kisababishe ugonjwa uleule kikiingizwa katika mnyama mzima, na kipatikane tena kutoka kwa mnyama huyo.

Sharti la kuotesha kijidudu peke yake lilikuwa gumu hadi ilipopatikana sehemu ngumu ya kukioteshea. Gelatini iliyeyuka katika joto la mwili, na baadhi ya bakteria waliila. Fanny Hesse, mke na msaidizi wa mmoja wa watafiti waliofanya kazi na Koch, ndiye aliyependekeza agari, aliyoizoea jikoni kwa kugandisha vyakula. Agari hutengenezwa kwa mwani mwekundu. Mwani unaolimwa na akina mama wa Unguja na Pemba ni jamaa yake, ingawa huo hutoa karajinani, kitu kingine cha kugandishia vyakula. Mwaka 1887 Julius Petri aliongeza sahani yenye mfuniko inayojulikana kwa jina lake, na vifaa hivyo viwili bado vipo katika kila maabara ya mikrobiolojia.

Masharti ya Koch si sheria isiyo na nafasi. Koch mwenyewe, alipochunguza kipindupindu nchini Misri na India mwaka 1883 na 1884, hakupata mnyama aliyeugua kama binadamu. Bakteria wa ukoma, aliyeonwa na Hansen mwaka 1873, hajaoteshwa kwenye sahani ya maabara hadi leo, na hakuna daktari anayetilia shaka kwamba ndiye chanzo. Mwaka 1892 Max von Pettenkofer wa Munich, aliyekataa kwamba bakteria peke yake huleta kipindupindu, alikunywa mbele ya mashahidi maji yaliyojaa bakteria hao na akapata kuhara kidogo tu. Alikosea alipoudharau mchango wa bakteria, lakini tukio hilo lilionyesha jambo la kweli: watu wawili wanaweza kumeza kijidudu kilekile na mmoja tu akaugua sana, kutegemea kiasi alichomeza, kinga yake na hali ya tumbo lake.

Kwa nini kipimo kimoja hakitoshi kuthibitisha ugonjwa?

Kwa sababu kila kipimo hujibu swali lake mahsusi, na mara nyingi swali hilo silo lile alilonalo mgonjwa. Kipimo cha Widal cha homa ya matumbo, kilichoanzishwa mwaka 1896 na bado kinatumika sana katika zahanati zetu, hakitafuti bakteria wenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu, na kingamwili hizo zinaweza kubaki kutokana na maambukizi ya zamani au kuletwa na vijidudu vingine vinavyofanana. Katika maeneo ambako ugonjwa huu umezoeleka, watu wengi wazima huonekana kuwa nao. Kuotesha damu humtafuta bakteria mwenyewe na ndicho kipimo cha kutegemewa zaidi, ingawa nacho huwakosa wagonjwa wengi, hasa waliokwisha kumeza antibiotiki kabla ya kufika hospitali.

Hesabu ndogo inasaidia. Tuseme kati ya watu 1,000 wagonjwa ni 10, na kipimo hugundua wagonjwa 9 katika kila 10, lakini pia huwataja kimakosa wazima 1 katika kila 10. Kitawapata wagonjwa 9, na kitawataja kimakosa wazima 99. Kati ya watu 108 watakaopewa karatasi yenye jibu la ugonjwa, 9 tu ndio wagonjwa. Kipimo hakikuharibika, kilitumiwa kwa watu wengi wasio na dalili, na ndiyo maana daktari makini huuliza historia ya mgonjwa kabla ya kuandika kipimo.

Mfano mzuri wa kuunganisha vipimo upo Morogoro, ambako shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufunza panya buku kunusa makohozi ya watu wanaodhaniwa kuwa na kifua kikuu. Panya hufanya kazi kwa haraka kuliko mtu mwenye hadubini, lakini jibu la panya halimfanyi mtu aanzishiwe dawa: sampuli iliyotiliwa shaka hurudi maabara kuthibitishwa kwa njia nyingine.

Je, virusi navyo huoteshwa kwenye sahani?

Haviwezi, kwa sababu virusi havina uwezo wa kujizalisha nje ya seli ya kiumbe kingine. Dmitri Ivanovsky mwaka 1892 aligundua kwamba maji ya jani la tumbaku lenye ugonjwa huambukiza hata baada ya kupitishwa katika kichujio kinachozuia bakteria, na mwaka 1898 Martinus Beijerinck akahitimisha kuwa hapo pana kitu cha aina mpya. Afrika Mashariki ina nafasi kubwa katika elimu hii: virusi vya Zika vilitengwa mwaka 1947 kutoka kwa tumbili aliyewekwa katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, na vya chikungunya vilitengwa kufuatia mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika.

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa hutokeaje?

Katika kundi kubwa la bakteria, wachache huzaliwa na mabadiliko ya urithi yanayowawezesha kuistahimili dawa. Dawa haiwatengenezi, hufanya kazi ya chekeche, ikiwaondoa walio dhaifu na kuwaachia uwanja walio sugu. Zaidi ya hapo, bakteria wanaweza kupeana vipande vya DNA, hata kati ya spishi tofauti, hivyo usugu hausubiri uzao mpya. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya hadharani alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba kutumia dozi ndogo kuliko inayotakiwa kungewazoesha bakteria dawa hiyo. Kumeza antibiotiki kwa mafua hakuna faida, kwa kuwa mafua huletwa na virusi, na dozi hiyo huishia kuwachuja bakteria wa mwilini ambao hawakuwa na hatia.

Je, inaruhusiwa kufanya majaribio kwa watu?

Inaruhusiwa kwa masharti, na masharti hayo yalitokana na maumivu ya kweli. Mwaka 1906 na 1907 Koch huyohuyo aliongoza kambi ya ugonjwa wa malale katika visiwa vya Ssese, Uganda, akiwadunga wagonjwa dawa yenye aseniki iliyoitwa Atoxyl. Dozi ilipoongezwa, baadhi ya wagonjwa walipofuka na hawakurudishiwa macho yao. Anayemsifu Koch kwa kifua kikuu anawajibika kuitaja Ssese pia. Leo mtafiti hupaswa kumweleza mshiriki, kwa lugha anayoielewa, madhara yanayoweza kutokea na haki yake ya kujitoa, na mpango wake lazima upitiwe na kamati ya maadili, kama zile za taasisi za utafiti wa tiba, NIMR nchini Tanzania na KEMRI nchini Kenya.

Ninawezaje kufanya jaribio langu la kwanza nyumbani?

Tumia maziwa. Chemsha lita moja, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha yagawe sawasawa katika mitungi minne ya kioo iliyooshwa kwa maji ya moto. Mtungi wa kwanza usiongezwe kitu. Wa pili uongezwe kijiko kimoja cha mtindi. Wa tatu uongezwe kijiko kimoja cha mtindi huohuo baada ya kuuchemsha na kuupoza. Wa nne upate kijiko cha mtindi usiochemshwa, kisha uwekwe katika jokofu. Mitatu ya kwanza ikae mahali pamoja penye joto, yote ikiwa imefunikwa.

Kabla ya kuondoka mezani, andika unatarajia nini katika kila mtungi na kwa sababu gani. Mtungi wa tatu ndio wenye thamani zaidi, kwa kuwa una asidi na kila kilichomo katika mtindi isipokuwa bakteria walio hai. Wa pili ukiganda na wa tatu usigande, huwezi tena kudai kwamba kilichogandisha ni uchachu wa kijiko chenyewe. Wa nne unakuambia kuhusu joto. Ukiona wa kwanza nao umeganda, usiufiche katika daftari: huenda bakteria waliingia wakati wa kumimina, au spora zilisalimika kwenye moto.

Andika hali ya kila mtungi baada ya saa 6, 12 na 24, rudia jaribio siku nyingine, na mwombe mwenzako alirudie nyumbani kwake bila kumwambia ulichokipata. Usinywe maziwa ya mitungi hiyo. Yachemshe kabla ya kuyamwaga, na unawe mikono kwa sabuni.